Elden Ring, Stardew Valley, Balatro au mpira: gemu ipi inamfaa mwenye saa moja tu ya kucheza usiku?

Mwalimu mwenzangu amenunua PS4, mashine ya gemu ya Sony, iliyotumika. Tukiwa kwenye uji wa saa nne alinisogelea akaniuliza, "Madam, nianze na gemu gani?" Sikumtajia gemu. Nilimuuliza jioni yake ikoje. Anafika nyumbani Nzuguni saa kumi na moja na nusu, ana watoto wawili, TV ni moja na taarifa ya habari ya saa mbili haiguswi, na madaftari ya kusahihisha hayaishi. Kinachobaki ni saa moja, kuanzia saa tatu hivi. Ndani ya saa hiyo umeme unaweza kukatika, mtoto anaweza kuamka akitaka maji, au simu ya kijijini ikaita.

Hali yake ndiyo hali yangu. Nafundisha darasa la sita, nina binti wa miaka tisa na mdogo wake wa minne, na nimekuwa nikicheza gemu tangu niko sekondari, kwenye PS2 ya kaka yangu. Miaka mingi nilichagua gemu kwa kuangalia picha zinavyong'aa, ukubwa wa dunia yake, na alama ilizopewa na wachambuzi. Sasa naangalia kwanza jinsi gemu inavyokuachia. Ukilazimika kuinuka dakika hii, umepoteza nini, na unainuka ukiwa na moyo wa namna gani?

Kwa kipimo hicho nimezilinganisha gemu ambazo PS4 yake inazimudu, pamoja na moja isiyomudu ambayo siwezi kuandika kuhusu gemu kwa Kiswahili nikaiacha. Astro Bot ya 2024 na Baldur's Gate 3 ya 2023 nimeziweka kando. Zote zimesifiwa na zinastahili sifa hizo, lakini hazichezeki kwenye PS4, na hiyo ya pili inahitaji saa nyingi kuliko mwalimu anazozipata kwa muhula mzima.

Elden Ring na Stardew Valley

Naanza na hizi mbili kwa sababu ndizo zilizokaa kwangu muda mrefu kuliko nyingine, na kwa sababu hazifanani hata kidogo.

Elden Ring ilitoka Februari 2022, kazi ya FromSoftware ya Japani chini ya Hidetaka Miyazaki. Unaingia kwenye nchi kubwa iliyochakaa, mti wa dhahabu ukionekana angani karibu kila uendako, na hakuna anayekushika mkono kukuonyesha njia. Muda mfupi baada ya kutoka pangoni unamwona askari mwenye silaha za dhahabu juu ya farasi, anazungukazunguka barabarani. Mgeni humwendea, na mgeni hufa. Hiyo ndiyo hodi ya gemu hii. Inakufundisha tangu mwanzo kwamba kuna vitu utavikwepa leo, na utavirudia ukiwa umekomaa.

Margit, anayelinda njia ya kuingilia ngome ya Stormveil, alinizuia wiki mbili. Kila usiku nilijifunza kitu kidogo. Niligundua kwamba anainua fimbo yake kisha anachelewa kuishusha, na mwenye woga hujirusha mapema, akatua pale pale fimbo inapoangukia. Nikajifunza kusubiri. Usiku nilipomshinda ilikuwa saa nne na nusu, nyumba nzima imelala, nami nimesimama katikati ya sebule na padi ya kuchezea mkononi bila mtu wa kumwambia. Asubuhi yake nilikaa na mtoto aliyeshindwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, nikamrudisha mwanzo mara ya nne, ya tano, bila kupandisha sauti. Subira hiyo sikuwa nayo juma lililotangulia, na najua nimeitoa wapi.

Sasa tuiulize inaachiaje. Elden Ring haina kitufe cha kusimamisha. Ukifungua menyu, adui anaendelea na kazi yake. Mtoto akilia katikati ya pambano, umekufa. Runi ulizokusanya, ambazo ndizo fedha ya gemu hii, zinabaki pale ulipoanguka, na ukifa tena kabla ya kuzifikia, zimekwenda. Upande wa umeme ina nafuu, maana inajihifadhi yenyewe mara kwa mara, na ukiwasha tena unajikuta karibu na ulipokuwa. Safari yenyewe haipotei. Kinachopotea ni mdundo, kwa sababu mikono ilishazoea mapigo ya yule adui na sasa unaanza kuitafuta upya. Kuna na hili la tatu ambalo nimelijua kwa mwili wangu mwenyewe. Ukizima baada ya kufa mara kumi mfululizo, usingizi hauji. Nimewahi kulala saa saba usiku kwa ajili ya bosi mmoja, yaani adui mkubwa, nikaingia darasani kichwa kizito, na watoto ndio waliolipa gharama yake. Hilo sitaki kulirudia.

Stardew Valley ni ya zamani zaidi, ya Februari 2016. Lakini bado inaongezewa vitu. Toleo la 1.6 lilifika kwenye kompyuta Machi 2024, kisha kwenye PS4 na simu Novemba mwaka huo. Eric Barone wa Marekani aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, picha, muziki na maneno yote, na kufikia Desemba 2024 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 41. Umerithi shamba la babu, limejaa magugu, visiki na mawe. Unalima, unavua samaki, unafuga kuku, unashuka mgodini, na polepole unazoeana na wanakijiji, kila mmoja na kinachomsumbua.

Siku moja ya shambani huchukua takriban dakika 14 za saa ya ukutani, na kwenye PS4 gemu inajihifadhi unapopanda kitandani kulala. Kwa hiyo saa yako moja ya usiku ni siku nne za shamba. Umeme ukikatika, hasara kubwa kabisa ni hizo dakika 14. Mtoto akiita, unafungua begi na dunia nzima inakusubiri. Kwenye simu ni laini zaidi, kwa sababu ukitoka ghafla inakutunzia pale ulipofika. Ni gemu chache zinazomheshimu mtu mwenye familia kiasi hiki.

Kwa mtu wa Dodoma ina ladha yake ya pekee. Mama yangu ana nusu ekari ya zabibu Mpunguzi. Ndani ya gemu zabibu hupandwa kipindi cha tatu cha mwaka. Mche huzaa baada ya siku 10, kisha kila baada ya siku 3, mpaka siku 28 za kipindi zinapokwisha na baridi kuingia. Nilimwonyesha mama shamba langu likiwa limestawi, safu kwa safu juu ya nguzo, akafurahi. Nilipolala na kuamka baridi imeingia, mizabibu yote imekauka, alisikitika kana kwamba ni yake. "Mzabibu haufi hivyo," aliniambia. "Unaupogoa, unauacha upumzike, unachipua." Na ni kweli. Huku kwetu mzabibu mmoja huvunwa mara mbili kwa mwaka ukitunzwa, na unamlisha mtu kwa miaka mingi. Kitu kingine kilichomgusa ni TV ya gemuni, inayotangaza hali ya hewa ya kesho bila kukosea. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima mara nyingi hazifiki milimita 600. Mkulima wa uwele anayepanda kwa kubahatisha angetoa kitu kikubwa kupata TV kama ile.

Isitoshe, kwenye PS4 watu wawili wanaweza kucheza skrini ikiwa imegawanywa. Binti yangu anamwagilia, mimi natengeneza uzio. Maandishi yake hayapo kwa Kiswahili, naye anasoma shule ya Kiswahili, kwa hiyo mwanzoni nilimtafsiria kila sentensi. Sasa majina ya mboga na ya zana anayasoma mwenyewe, na ananirekebisha nikiharakisha.

Kasoro yake ni mvuto. Kwa kuwa siku ni fupi, kila ukilala unasema hii nyingine ndiyo ya mwisho, na gemu haikukatalii. Elden Ring inakuchosha mpaka unazima, lakini Stardew haikuchoshi, na hapo ndipo saa tano usiku inakukuta bado umekaa. Mimi naweka kengele ya simu saa nne na robo, na simu naiacha chumba kingine ili niinuke kuizima.

Karata mbele ya mama mkwe

Balatro ilitoka Februari 2024, ikaingia kwenye simu Septemba mwaka huo huo. Aliyeitengeneza ni mtu mmoja wa Kanada anayejulikana kwa jina la LocalThunk tu. Ni karata zile zile tunazozijua, kopa, uru, shupaza na pau, zikipangwa kwa kanuni za poka: jozi, mfululizo, rangi moja. Huchezi na mtu. Unashindana na idadi ya alama unayotakiwa kuifikisha, na idadi hiyo inapanda kila hatua.

Kwa mwalimu wa hisabati hii ni halua. Jozi ya nane inakupa 10 za jozi yenyewe, na 8 na 8 za karata, jumla 26, kisha mara 2, ni 52. Lengo la kwanza ni 300 na una mikono minne tu, kwa hiyo jozi tupu hazikufikishi. Ukimpata jokeri wa kawaida anayeongeza 4 kwenye kizidishio, mkono ule ule unakuwa 26 mara 6, yaani 156. Majokeri wako 150, na utamu wote uko katika kuwapanga wasaidiane, kwa sababu jokeri mmoja anajumlisha, mwingine anazidisha, na nani atangulie inabadilisha jibu. Nimekuwa nikiwaambia watoto kwamba mpangilio wa matendo una maana, na Balatro ndiyo mahali pa kwanza ambapo mimi mwenyewe niliihisi maana hiyo mkononi.

Kwa kuachia, hii inazishinda zote. Ukiifunga katikati, ukirudi unakuta mchezo uleule. Nimewahi kuanza mchezo mmoja kwenye daladala, nikauendeleza nikisubiri zamu hospitali, nikaumalizia kitandani. Haihitaji intaneti, haina matangazo, unalipa mara moja basi.

Sasa lililonikuta nyumbani. Mama mkwe alikuja kututembelea, akapita nyuma ya kochi, akaona karata na tarakimu zinapanda. Hakusema kitu usiku ule. Asubuhi, tukichambua mlenda, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, umeanza kubeti?" Niliweka kisu chini nikamweleza: mama, hakuna shilingi inayoingia wala inayotoka, ni hesabu tu zimevaa nguo za karata. Alinielewa, lakini swali lake lilikuwa na haki. Huko Ulaya wenyewe, shirika la PEGI linalopanga umri wa gemu liliipa Balatro alama ya miaka 18 kwa sababu ya hizo karata, na Februari 2025 likaishusha hadi 12 baada ya rufaa. Mimi nasema hivi: kama kwenye nyumba yako kuna mtu anayehangaika kuacha mikeka, usiiweke Balatro kwenye simu inayozunguka mikononi mwa wote. Hakuna pesa ndani yake, lakini msisimko wa karata inayofunguka unafanana mno na kile anachojaribu kukiacha.

Mpira

Hapa sitakaa sana, maana kila mtu anaujua. Jina FIFA liliishia na FIFA 23. Kuanzia Septemba 2023 gemu ile inaitwa EA Sports FC, ingawa mabanda ya gemu ya Majengo bado yanasema FIFA na yataendelea kusema. Upande wa pili ni eFootball ya Konami, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ambayo haiuzwi. Unaipakua bure kwenye simu au PS4.

Mpira unashinda zote kwa jambo moja, nalo ni kubwa: unakaa na mtu. Padi mbili, kochi moja, na aliyefungwa anapisha. Mdogo wangu wa kiume akija kutoka Chamwino hatuna maneno mengi ya kusemezana, lakini tukikaa kucheza mechi tatu, kufikia ya pili ameshaniambia kinachomsumbua kazini. Nakumbuka pia Januari 2020, Mbwana Samatta alipohamia Aston Villa, jinsi vijana wa mtaani kwetu walivyoanza kuichagua Villa bila kuulizana. Ligi yetu wenyewe haimo ndani ya EA Sports FC, na hilo linaniuma kila ninapoona mtoto anataja kikosi kizima cha timu ya Uingereza.

Kama utacheza peke yako usiku, lakini, tofautisha. Ligi ya meneja kwenye diski ya EA Sports FC haihitaji intaneti, unaisimamisha unapotaka, na mechi moja ni kama robo saa. Hiyo inamfaa mwenye saa moja. Upande wa Ultimate Team, sehemu ya EA Sports FC ya kujijengea kikosi mtandaoni, na mechi za mtandaoni za eFootball ni habari nyingine: bando likikatika katikati umefungwa, kusimamisha ovyo huwezi, na kila kona kuna pakiti inayouzwa yenye mchezaji asiyejulikana ndani. Timu ya Ultimate Team unayoijenga mwaka huu haihamii kwenye toleo la mwaka ujao. Najua kijana aliyelipia pakiti hizo kwa fedha ya kodi ya chumba. Mimi siziungi mkono, na kwa mtoto nazikataa kabisa.

Umeme, bando na vumbi

Watu huuliza bei ya gemu na kusahau haya matatu, ambayo ndiyo yanayoendelea kula.

PS4 Slim ikicheza gemu hutumia takriban wati 80 hadi 90, na TV ya inchi 32 kama 45. Saa moja kila siku kwa siku 30 ni kama uniti 4. PS5 peke yake hufika wati 200, kwa hiyo pamoja na TV inakaribia uniti 7 na nusu. Simu yenye betri ya mAh 5000, hata ukiijaza kila siku mwezi mzima, haifiki uniti moja. Kwa mwenye nyumba iliyo kwenye tarifa ya matumizi madogo, ambayo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo inayomvusha mpaka. Piga hesabu kabla ya kununua.

Bando nalo lina gemu zinazolihurumia na zinazolimaliza. Balatro ni ndogo sana. Stardew nayo si kubwa. EA Sports FC na Elden Ring ni makumi ya GB kila moja, kwa hiyo chukua diski. Utapakua marekebisho tu, na ukiichoka unaiuza au mnabadilishana. Gemu uliyoipakua huwezi kumpa mtu. Elden Ring Nightreign, iliyotoka Mei 2025, usiichanganye na Elden Ring yenyewe. Imejengwa kwa watu watatu walioungana mtandaoni, na mzunguko mmoja ni kama dakika 40 zisizosimama. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka minne, hapana.

Vumbi ndilo la kwetu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa Dodoma unaingiza vumbi jekundu hata kwenye kabati lililofungwa. PS4 yangu ilianza kunguruma kama mashine ya kusaga, na duka nililoinunua halikuwa limeniambia kwamba feni inahitaji kusafishwa. Fundi alitoa bonge la vumbi lililoshikana kama sufi. Tangu hapo naifunika kwa kitambaa ikiwa imezimwa na kupoa, naiweka juu ya meza na si sakafuni, na kila baada ya miezi mitatu inapigwa brashi. Weka na stabilaiza. Umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaoua mashine kuliko unapokatika. Kijiti cha padi nacho kikianza kujisogeza chenyewe, huenda ni vumbi hilohilo. Kwenye Stardew hutaliona hilo sana, lakini kwenye Elden Ring utakufa kwa sababu yake. Mwenye simu peke yake ameepushwa na haya yote, na ndiyo sababu kwa mwanafunzi wa UDOM anayekaa hosteli nisingemshauri kabisa anunue mashine. Balatro na Stardew kwenye simu zinamtosha mwaka mzima.

Ile ya tano

Likizo ya Juni nilipanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam kwa kaka yangu, ambaye sasa ana PS5. Huko ndiko nilikocheza Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyempa sauti Bayek katika Assassin's Creed Origins. Baba yake alifariki, na gemu hii ameitoa kwenye msiba huo. Kijana mganga, Zau, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, anampa ahadi: nitakuletea mizimu mitatu mikubwa, nirudishie Baba. Jina Kalunga linatoka kwenye mila za Wabantu wa Kongo na Angola, na ndani ya gemu hatishi kama tunavyozoea kuchorewa mauti. Anatembea na Zau kama mzee anayemwelekeza kijana.

Unaweza kuchagua sauti za Kiswahili. Nilipobadilisha, kaka yangu aliyekuwa jikoni alikuja akasimama mlangoni. Tangu PS2 tulikuwa tukisikia mashujaa wakilia kwa Kiingereza na Kijapani, nasi tukilia nao kwa kutafsiri. Mara hii hapakuwa na cha kutafsiri. Baba yetu tulimzika miaka minne iliyopita, na nadhani ndiyo siku ya kwanza tulipokaa wawili tukamzungumzia bila haraka.

Ukiipima kama gemu tu, ina upungufu. Kupigana kwake ni kwepesi ukitoka Elden Ring, na kwa saa nane hivi umeimaliza. Kwa mtu wa saa moja usiku hiyo ni wiki moja na kidogo, na mimi naona ni urefu wa haki. Inaachia vizuri pia, maana inasimama ukitaka, na ukianguka hurudi hatua chache tu. Ila haipo kwenye PS4. Inahitaji PS5, Xbox mpya, Switch au kompyuta, na hiyo ndiyo sababu pekee ambayo sikumpa mwenzangu. Mwenye kompyuta ya gemu au Switch, aanze na hii kabla ya nyingine zote.

Nilichomwambia

Nilimwambia, ukiwa na mtoto anayependa kukaa nawe, chukua Stardew. Ukiwa unacheza kwa vipande vya dakika kumi, na nyumbani hakuna mwenye kidonda cha kubeti, Balatro. Ukiwa na ndugu au jirani anayekuja jioni, diski ya mpira na padi ya pili, hata kama ni toleo la miaka miwili nyuma. Mchezo ni uleule na bei ni ndogo mno. Elden Ring ni ya mtu ambaye jioni zake ni zake mwenyewe.

Alifikiri, akaniuliza kama binti yake wa miaka saba anaweza kushika padi ya pili. Nikamwambia anaweza kumwagilia. Basi akachukua Stardew. Lakini kengele ilipolia na sisi tunainuka kuelekea darasani, alinirudia: hiyo Elden Ring nimwekee mpaka likizo ya Desemba, mama watoto atakuwa amekwenda Kondoa na watoto, na yeye atabaki peke yake siku kumi. Diski nimeiweka kwenye droo yangu ofisini, chini ya mitihani ya darasa la sita. Nimemsihi jambo moja tu, kwamba akitoka pangoni akamwona yule mpanda farasi wa dhahabu, ampitie mbali, upande wa kanisa, na asimguse mpaka awe na farasi wake mwenyewe.